Mshono wa operesheni ya uzazi unatoa majimaji: ni chakula, ni kuoga au ni hospitali?

#1 Fundi_wa_Mbao
Salaam wakuu. Mke wangu amejifungua kwa operesheni, mtoto wa kiume, wote walitoka wodini wazima. Nyumbani mambo yalikuwa shwari hadi wiki hii ya pili, upande mmoja wa mshono umeanza kulowesha khanga. Si damu, ni majimaji ya njanonjano, na pembeni pametuna, panapwita.

Hapa ndani kuna kambi tatu. Mama mkwe anasema ni maharage, aliyala mapema mno. Dada yangu anasema ni kuoga, alitakiwa asubiri nyuzi zitolewe kwanza. Jirani, ambaye naye kapasuliwa zaidi ya mara moja, anasema siku hizi wanashona harakaharaka na vyumba vya upasuaji vichafu. Kila mmoja ana ushahidi wake. Walichokubaliana wote ni kimoja tu: ninunue Ampiclox, nifungue kapsuli, nimwagie ule unga juu ya kidonda. Nimeshanunua, ziko mezani.

Kwa nini mshono wa huyu unakauka na wa yule unaoza? Waliopitia na wataalamu, karibuni.

#2 Mzee_wa_Kijiwe
Hongera kwa dume. Ngoja waje wenyewe, mimi nakaa pembeni nasoma.

#3 Sista_Zamu_ya_Usiku
Fundi, hizo kapsuli ziache hapohapo mezani. Niko wodi ya upasuaji miaka mingi, na wagonjwa wanaorudi na unga wa Ampiclox kidondani siwezi kuwahesabu. Dawa ile imetengenezwa imezwe. Ukiimwaga juu inachanganyika na majimaji, inaganda na kuwa gaga gumu la njano. Juu unaona pamekauka, unashangilia, kumbe chini usaha umekosa pa kutokea unachimba kwenda ndani. Akija kwetu kazi ya kwanza ni kulowesha lile gaga na kulibandua, naye analia.

Nijibu haya: Ana homa? Majimaji yana harufu? Maumivu yalikuwa yamepungua kisha yakarudi? Ukiweka mgongo wa mkono pembeni ya mshono pana joto kuliko tumbo lililobaki? Usitafute wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au inang'aa, na ukiigusa ni ngumu.

Vyovyote utakavyojibu, mrudishe alikoshonwa leo, usisubiri tarehe ya kliniki.

#4 MamaPacha
Hongereni jamani. Mimi pacha wangu walitoka kwa kisu, maharage nilikula hukohuko wodini siku iliyofuata kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mshono ulikauka vizuri kabisa. Mama mkwe wako asisingizie maharage, kazi ya maharage ni kujaza gesi tu, na gesi juu ya mshono mbichi ndiyo mateso yenyewe. Kidonda kinataka protini. Dagaa, mayai, maharage, vyote ale.

#5 Bwana_Hoja
MamaPacha, wewe kukauka si ushahidi kwamba maharage hayana shida. Mimi babu yangu alivuta sigara hadi miaka tisini.

#6 MamaPacha
Na mama mkwe wake kuona mmoja kaoza si ushahidi kwamba yana shida. Tumemalizana?

#7 Bwana_Hoja
😂 Tumemalizana, dada.

#8 Tumbo_la_Chuma
Mimi ni mwanaume ila nina mshono kuanzia juu ya kitovu hadi chini. Kidole tumbo kilipasuka nikiwa safarini, nikafika hospitali tumbo limeshajaa usaha. Baada ya operesheni nilishangaa ngozi hawakuishona kabisa, wameiacha wazi, wamejaza gozi ndani, kile kitambaa chembamba cha kufungia vidonda. Nikajua wamenisahau. Daktari akanieleza kwamba tumbo likiwa chafu hivyo, ukiifunga ngozi unaufungia uchafu ndani. Kila asubuhi nesi alikuwa anavuta ile gozi ndefu, inatoka taratibu kama utepe wa kaseti, huku mimi nimeuma shuka. Ngozi wakaja kuishona baadaye, pakiwa safi.

Kwa hiyo hoja ya jirani kwamba hospitali ndiyo chafu naipunguza kidogo. Mara nyingine uchafu mtu anakwenda nao mwenyewe tumboni.

#9 Sista_Zamu_ya_Usiku
Tumbo_la_Chuma umesema kweli. Operesheni hazifanani kwa usafi. Ngiri ya kawaida ni kidonda safi. Utumbo uliotobolewa na taifodi au kidole tumbo kilichopasuka ni kidonda kichafu tangu mwanzo. Operesheni ya uzazi iko katikati, na inategemea pia mama alikaa na uchungu saa ngapi, chupa ilipasuka lini, amepimwa njia mara ngapi. Aliyepangiwa tarehe akaja hajaanza uchungu, na aliyehangaika nao siku nzima ndipo akakimbizwa kupasuliwa, usitegemee hatari yao iwe sawa hata kama wameshonwa na mkono uleule.

#10 Mpenda_Takwimu
Kuongezea. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lilisema Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa operesheni wanapata maambukizi ya kidonda. Mmoja kati ya watano! Halafu tunabishana maharage.

#11 Daktari_Mwanafunzi
Mkuu, soma vizuri, ni "hadi" asilimia 20. Hiyo ni dari, si wastani wa kila mahali. Utafiti uliofanyika Bugando, Mwanza, na kuchapishwa 2014, ulipata kama 11 kati ya 100. Bado ni wengi, ila si 20.

#12 Mpenda_Takwimu
Basi nusu ya shida. Hao 11 ukiwa wewe mmoja wao, kwako ni mia kwa mia.

#13 Binti_wa_Tanga
Jamani mbona hakuna anayeuliza la muhimu? Fundi, mkeo amekandwa?

#14 Fundi_wa_Mbao
Asanteni wote. Sista, homa ilikuwepo jana usiku, harufu ipo kidogo, joto lipo. Tunaondoka sasa hivi.

Binti wa Tanga, hilo nililiruka makusudi maana mama yupo hapa ukumbini na simu tunachangia. Ndiyo, amekandwa. Maji ya moto kabisa, taulo, asubuhi na jioni, tangu walipotoka hospitali.

#15 Binti_wa_Tanga
Nilijua! Kesi imefungwa.

#16 Shangazi_Kariakoo
Kesi haijafungwa popote. Mimi nimekanda wazazi wa ukoo mzima, na waliopasuliwa nawakanda pia, ila mshono siugusi. Nakanda mgongo, kiuno, miguu. Tumbo la aliyepasuliwa halikandwi. Anayelikanda hajui kazi, msitukane mila kwa ajili ya mtu mmoja.

#17 Daktari_Mwanafunzi
Shangazi nakuunga mkono nusu. Ngozi ya pembeni ya mshono mara nyingi imekufa ganzi kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa, kwa hiyo mama hasikii maji yana moto kiasi gani. Anaungua bila kujua. Na ile nguvu ya kubonyeza inaweza kuachanisha kingo ambazo zimeshikana juzi tu. Ngozi inajifunga juu ndani ya saa 48 hivi, lakini chini bado. Hata baada ya miezi mitatu kovu linafikia kama asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali.

Ila sisemi ndiyo sababu ya huyu. Wapo waliokandwa tumbo wakapona, wapo hawajaguswa na wakaoza.

#18 Pwani_Mombasa
Huku kwetu Mombasa mzazi akipasuliwa, somo wake, yule mama anayemlea, anangoja mpaka kidonda kikauke ndio amsinge, yaani amsugue mwili, na kumfunga mkaja, kile kitambaa cha kubana tumbo. Nyinyi huko bara mwaharakisha kila kitu. Na bibi yangu alikuwa akisema kidonda kisitazamwe na mtu aliyetoka na janaba, kitachelewa kupona.

#19 Bwana_Hoja
Hilo la janaba lina mantiki ukiligeuza. Maana yake watu wachache waingie chumbani, na wanaoingia wawe wameoga. Bibi alikuwa afisa wa kuzuia maambukizi, ila cheo hakupewa.

#20 Pwani_Mombasa
😂😂 Bibi angefurahi kusikia hivyo.

#21 Mfamasia_Mitaani
Nimechelewa. Suala la antibayotiki limeachwa njiani na ndilo kubwa. Mwongozo huohuo wa 2016 unasema dawa ya kinga ichomwe kabla ya kisu, ndani ya dakika 120 kabla ya kukata, na operesheni ikiisha kusiwe na kuendelea na dozi kwa ajili ya kinga. Sasa angalia kinachoandikwa kwenye vyeti vinavyoletwa dukani kwangu: sindano siku kadhaa, kisha Flagyl na Ampiclox za kunywa wiki nzima, mama hana dalili hata moja. Tunawafundisha wadudu kuzoea dawa. Siku maambukizi ya kweli yakija, dawa haishiki.

#22 MamaPacha
Mimi nilipewa za siku tano na sikuoza. Ningezikataa?

#23 Sista_Zamu_ya_Usiku
Mfamasia, unayosema ni ya kwenye karatasi na karatasi ni sahihi. Njoo ukeshe na mimi usiku mmoja. Wazazi wawili kitanda kimoja, ndugu kumi wanakaa kitandani na nguo za daladala, maji yanakatika saa nne usiku. Daktari anaandika dawa za siku tano kwa sababu anaogopa, hajakosa kusoma.

#24 Mfamasia_Mitaani
Sista nakuelewa, lakini kidonge hakisafishi wodi. Maji yakikatika suluhisho ni kipukusi cha mikono chenye alkoholi, si Flagyl.

#25 Sista_Zamu_ya_Usiku
Kipukusi chenyewe ukikipata mwezi huu, mwezi ujao chupa iko ukutani tupu. Tutabishana hadi asubuhi.

#26 Mama_Kigoma
Naomba niulize, mimi niliambiwa nyumbani ninyoe kabisa kabla ya kwenda kupasuliwa. Nikanyoa na wembe jana yake usiku, nikajikata kidogo. Kidonda changu kilioza palepale chini kwenye mikwaruzo. Inahusiana?

#27 Daktari_Mwanafunzi
Inaweza kuhusiana sana. Wembe unaacha vidonda vidogo ambavyo macho hayavioni, bakteria wanalala humo usiku kucha, kesho yake unakatwa karibu yao. Mapendekezo ya sasa ni kutonyoa kabisa. Nywele zikizuia kazi, zipunguzwe kwa mashine ya kukata. Cha kufanya nyumbani ni kuoga vizuri na sabuni, ya kawaida inatosha.

#28 Mzee_wa_Kijiwe
Historia kidogo. Yule daktari Lister wa Vienna ndiye aliyelazimisha wenzake wanawe mikono kabla ya kuzalisha, wakamwona kichaa.

#29 Mpenda_Takwimu
Mzee, huyo ni Semmelweis. Vienna, 1847, maji yenye klorini. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaingia moja kwa moja wodi ya wazazi. Lister ni Mwingereza wa asidi ya kaboliki, 1867. Na Semmelweis alifia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865.

#30 Mzee_wa_Kijiwe
Mimi nimeleta mbuzi, wewe umeleta ukoo wake wote. Ila kichaa nilisema.

#31 Dada_wa_Leeds
Nawasoma kutoka Uingereza. Huku niliruhusiwa mapema sana, plasta ikatolewa, nikaambiwa nioge kila siku, maji yapite juu ya mshono, nisisugue, nikaushe kwa kugusagusa na taulo safi. Kwa hiyo dada yake Fundi na hoja ya kuoga simwelewi. Mwenzangu mnene wodini aliwekewa bandeji yenye kipampu kidogo cha betri kinachovuta majimaji. Mwongozo wa huku unataka madaktari wafikirie kifaa hicho kwa mama ambaye uwiano wa uzito na urefu wake ni 35 kwenda juu.

#32 Sista_Zamu_ya_Usiku
Dada wa Leeds umenikumbusha jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema. Mshono wa bikini kwa mama mwenye tumbo kubwa unafunikwa na mkunjo. Chini ya mkunjo pana jasho, giza na joto la Dar. Mfundishe alale chali, ainue tumbo kwa mkono, pakaushwe vizuri, apigwe na hewa kidogo mlango ukiwa umefungwa. Avae chupi ya pamba inayopita juu ya kitovu ili mpira usikae kwenye mshono. Poda ya mtoto asiweke.

#33 Fundi_wa_Mbao
Wakuu tumerudi. Wamefungua nyuzi upande mmoja tu, usaha ukatoka mwingi kuliko nilivyodhani. Wamechukua mwingine kwenda kuuotesha maabara wajue dawa gani inauweza. Mshono wa ndani wamesema umeshika. Hawakushona tena, wameweka gozi yenye maji ya dripu, tutakuwa tunarudi kila siku kusafishwa. Mama mkwe anasema wamemharibia mtoto wake, wamemfumua.

Halafu wamempima sukari, iko juu. Wamesema arudi asubuhi hajala, wapime tena.

#34 Binti_wa_Tanga
Pole sana. Sukari tena! Kesi imefunguliwa upya.

#35 Mfamasia_Mitaani
Fundi, anakunywa nini huko ndani?

#36 Fundi_wa_Mbao
Uji wa pilipili manga ili maziwa yatoke. Sukari anaweka mama mwenyewe, kwa mkono mkubwa. Na soda nyeusi ya kuongeza damu.

#37 Bwana_Hoja
Kwa hiyo mama mkwe alikuwa sahihi, ni chakula. Alikosea chungu tu. 😂

#38 Daktari_Mwanafunzi
Taratibu. Kipimo kimoja baada ya uji wenye sukari hakisemi kisukari, na mwili wenye maambukizi unaweza kupandisha sukari wenyewe. Sukari inaweza kuwa ilileta usaha, au usaha ndio ulioipandisha sukari. Kipimo cha asubuhi kitasaidia, lakini hata hicho hakitamtoa mtu hatiani hapa. Soda haiongezi damu, anywe vidonge vya madini ya chuma alivyopewa.

#39 Sista_Zamu_ya_Usiku
Fundi, mwambie mama hivi, na umwambie kwa heshima: kidonda chenye usaha tunakiacha kijae nyama kutoka chini kwenda juu. Ukikishona juu sasa, usaha unarudi kukaa. Ndani mtaona nyama nyekundu yenye chembechembe, inatoa damu kidogo ikiguswa. Hiyo ndiyo nzuri. Mkiona kijivu, nyeusi au harufu imezidi, semeni.

Siku ambayo hamkuweza kufika, chemsha maji nusu lita, weka kijiko cha chai kimoja cha chumvi kisichojaa juu, yapoe kabisa. Nawa mikono na sabuni, safisha, weka gozi safi. Yaliyobaki mwaga, kesho chemsha mengine. Spiriti, Dettol na ile dawa inayotoa povu visiingie ndani ya kidonda, vinaunguza nyama mpya.

Na hili msilipuuze kamwe. Yakitoka majimaji mengi ghafla yenye rangi ya damu iliyochanganyika na maji, au mama akasema amesikia kitu kimeachia alipokohoa, mshono wa ndani unaweza kuwa umefumuka. Mkiona utumbo msiurudishe. Funikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na hayo maji ya chumvi, asile wala kunywa, mkimbizeni hospitali.

#40 Nyuki_wa_Tabora
Asali imesahaulika. Kwetu kidonda kinapakwa asali na kinapona, na madaktari nao wanajua.

#41 Mfamasia_Mitaani
Nyuki, hapo una hoja. Kuna majaribio yaliyoonyesha asali inasaidia vidonda vya operesheni vilivyoshambuliwa. Ila asali ya vidonda inapitishwa kwenye mionzi kuua mbegu za bakteria. Ya kwenye chupa ya Konyagi kando ya barabara haijapitishwa popote.

#42 Nyuki_wa_Tabora
Chupa ya Konyagi imeshaua bakteria wote kabla asali haijaingia. Asali yangu ni ya mzinga wa gome, usinitishe.

#43 Mama_Kigoma
Samahani kuwatoa kwenye asali. Mimi kidonda kimefunga, lakini pembeni kimetokeza kiuzi kama cha nailoni, kinakwaruza kwenye nguo. Nimeambiwa ni zile nyuzi zinazoyeyuka. Nikivute au nikikate na wembe?

#44 Tumbo_la_Chuma
Dada achana na wembe, ulikuponza mara ya kwanza.

#45 Sista_Zamu_ya_Usiku
Usivute. Kinaweza kuwa kimeshika tabaka la chini ambalo halijakomaa. Nenda zahanati yoyote iliyo karibu, watakata kwa mkasi uliochemshwa, usawa wa ngozi, kazi ya dakika moja. Kikiwa na uvimbe au kipele chenye usaha kwenye shina lake, waambie kabla hawajakata.